Mama Mbu, mbuzi tisa na swali la kila Ijumaa

Saa kumi na mbili kasorobo alfajiri. Mwanamke aliyevaa buti za mpira na sweta la kiume amepiga magoti kando ya bwawa, sikio lake limesogea karibu na mfuko wa neti unaoning'inia chini ya mtego. Anasikiliza.

"Wamejaa," anasema hatimaye, na kuukaza mdomo wa mfuko kwa kamba. "Wakiwa wachache unamsikia kila mmoja na wimbo wake. Wakifika mamia wanalia kama redio iliyopoteza stesheni. Hebu sikiliza mwenyewe."

Mwandishi wa makala haya anainama na kusikiliza. Ni redio kabisa.

Jina alilopewa na wazazi wake analitumia benki na kwenye kadi ya kupigia kura. Kwingine kote, kuanzia sokoni hadi msibani, anaitwa Mama Mbu, naye huitika bila kinyongo. Ana umri wa miaka hamsini na mmoja, baiskeli moja isiyo na kengele, na mitego kumi na miwili ambayo huizungukia mara mbili kwa wiki, mwendo wa kilomita kumi na moja kwenda na kurudi.

Mtego wenyewe hauna makuu. Kuna taa ndogo, feni ndogo, betri ya pikipiki, na chupa ya plastiki yenye maji, sukari na hamira. Mchanganyiko ukichachuka hutoa hewa inayofanana na pumzi ya mnyama.

"Mbu akiinusa anajua kuna ng'ombe amelala hapa," anaeleza. "Anakuja mbio akijua anakwenda mezani, kumbe anakwenda maabara. Feni inamvuta, chali!"

Kufikia mtego wa nne, mwandishi ameshaumwa mara tatu na kujipiga makofi mara tano. Mama Mbu anamtazama kwa huzuni ya kweli.

"Jamani, usimpige hivyo," anasema. "Huyo nilikuwa namhitaji."

Kazi yake, akiieleza kwa mtu asiyeijua, ni kuchungulia. Kuna virusi vinavyosafiri ndani ya mbu, kutoka kwa mbu kwenda kwa mnyama, na kutoka kwa mnyama au mbu kwenda kwa mtu. Anachungulia sehemu zote tatu: anakamata mbu, anatoa damu ya mbuzi, na anapita nyumba kwa nyumba akiuliza nani amelala na homa. Akiona dalili anatoa taarifa kwa daktari wa mifugo wa eneo hilo, ambaye ndiye mkuu wake wa kazi.

Kwa miaka minane hajaona kitu, na anaomba asione. Lakini wiki hii roho yake iko juu. Mvua imenyesha wiki tatu mfululizo, na bwawa limevuka ukingo wake na kuingia kwenye malisho.

Saa mbili asubuhi yuko kwenye chumba chake cha kazi, nyuma ya ofisi ya mifugo. Kuna meza moja, kiti chenye mto alioushona mumewe, hadubini iliyofunikwa kwa kitambaa cha maua, na friza ambayo mlango wake haufungiki mpaka uegemezwe tofali. Mifuko ya mbu hukaa humo dakika ishirini. Halafu mbu waliokufa kwa baridi humwagwa kwenye sahani nyeupe, na kazi ya kibano inaanza.

Anawatenga kwa aina, mmoja mmoja, kama mtu anayechambua mchele. Midomo yake inahesabu bila sauti. Ukimsemesha katikati anainua kidole, na kidole hicho hakina utani.

"Mia sita na kumi na wawili," anasema baada ya muda mrefu. "Mtego mmoja! Siku za kawaida napata arobaini, wakizidi sana hamsini."

Idadi peke yake haimsumbui. Kinachomsumbua ni rundo la kushoto. Anamwita mwandishi aangalie kwenye hadubini: mbu mweusi, miguu yake ina mistari myeupe kama soksi za mchezaji mpira.

"Hawa ni wa mafuriko," anasema. "Mayai yao yanakaa kwenye udongo mkavu miaka na miaka, yamelala tu. Maji yakifurika yanaamka yote kwa pamoja. Na mayai mengine huwa yameshabeba kirusi tangu kwa mama yao. Mara ya mwisho nchi ilipojaa maji hivi, sikujua hata kama mbu wana aina."

Mara ya mwisho ilikuwa miaka tisa iliyopita. Kwanza mbuzi na kondoo walianza kuharibu mimba, zizi hadi zizi. Watu wakasema ni majani mabichi ya mvua. Halafu ndama wakafa, kisha wachinjaji na wachungaji wakashikwa na homa. Jina la ugonjwa lilipojulikana, watu kumi na mmoja walikuwa wameshazikwa.

"Hakuna aliyekuwa anatazama," Mama Mbu anasema. "Huo ndio ukweli wenyewe. Kila mtu aliona la kwake, zizi lake, mgonjwa wake. Hakukuwa na mtu wa kuyaweka pamoja."

Wa kwake alikuwa mumewe. Mtaa mzima unamwita Fundi, kwa kuwa ni fundi cherehani tangu ujana wake. Siku moja ya mafuriko hayo alikwenda kumsaidia mdogo wake, mfanyabiashara wa ng'ombe, kumtoa ndama aliyefia tumboni mwa mama yake. Walifanya kazi hiyo kwa mikono mitupu. Siku tano baadaye Fundi akashikwa na homa, akaugua wiki nzima, akapona. Wiki ya tatu akashindwa kutunga uzi kwenye sindano.

"Nilidhani uzi ndio mbovu," anasema Fundi mwenyewe, ambaye mwandishi anamkuta barazani mwa nyumba yao saa nne asubuhi, akiwa ameketi kwenye cherehani. "Nikabadilisha uzi. Nikabadilisha sindano. Nikamgombeza mke wangu kwamba amehamisha taa. Kumbe taa imezimika huku ndani."

Ugonjwa ule ulimla macho katikati. Pembeni anaona, katikati hakuna kitu.

"Nikikutazama usoni, huna uso," anamwambia mwandishi, akicheka. "Nikitazama sikio lako, naona kipande cha pua. Kwa hiyo usione nimekupa kisogo ukadhani nina dharau. Ndiyo namna yangu ya kukuangalia."

Mwaka uliofuata ofisi ya mifugo ilitangaza kwamba inatafuta mtu anayejua kusoma na kuandika, asiyeogopa sindano wala wanyama. Mama Mbu wakati huo aliuza mboga. Aliacha fungu la mchicha mikononi mwa jirani na kwenda vile vile, aproni mwilini.

"Waliniuliza, unajua nini kuhusu mbu? Nikawaambia, nawachukia. Sijui kama hiyo ni elimu. Wakacheka, wakaniandika."

Posho ya kazi hiyo, kwa maneno yake, inanunua unga na sabuni ya mwezi, kisha inaomba radhi. Haijapanda kwa miaka mitano. Hata hivyo hajawahi kufikiria kurudi kwenye mboga. Fundi naye ana nafasi yake katika kazi hii: mifuko yote ya neti kwenye mitego anaishona yeye, kwa kupapasa, na mshono wake haujawahi kupitisha mbu hata mmoja. Mke wake analitaja hilo mara mbili katika mazungumzo, na mara zote mbili Fundi anajifanya hajasikia.

Saa nne na nusu wanaondoka pamoja kwenda kwenye zizi, yeye akisukuma baiskeli, mumewe ameshika kiti cha nyuma. Ndani ya zizi kuna mbuzi tisa ambao hawauzwi, hawachinjwi wala hawachanjwi. Wamewekwa karibu na bwawa makusudi ili waumwe na mbu.

"Hawa ni walinzi," Mama Mbu anasema. "Kila baada ya wiki mbili natoa damu yao kidogo. Kirusi kikipita hapa, mwili wa mbuzi utapigana nacho, na vita hiyo inaacha alama kwenye damu. Maabara wanaisoma alama. Isipokuwepo, jibu ni hasi. Ikiwepo, ni chanya, na hapo hakuna kulala. Chanjo nayo inaacha alama, ndiyo maana hawa hawachanjwi."

Mmoja kati yao ana alama siku zote. Ni jike kubwa la rangi ya majivu, pembe moja imekatika ncha, ndevu ndefu. Alinusurika mafuriko yale ya miaka tisa iliyopita na alama yake haijafutika mpaka leo. Si mgonjwa wala haambukizi mtu, ila damu yake haisahau. Kwa kanuni hakupaswa kuwamo kundini, lakini bila yeye wenzake hawaendi popote. Anaitwa Bi Mkubwa.

"Wageni wakisikia namuulizia Bi Mkubwa asubuhi, wananionea huruma," Mama Mbu anasema. "Wanadhani nimeolewa mke wa pili."

"Na kweli yeye ndiye aliyetangulia," Fundi anajibu kutoka ndani ya zizi.

Kazi inaanza. Fundi anamshika mbuzi wa kwanza kwa pembe, anazipapasa, anataja jina. Mkewe anainama na kusoma kwa sauti namba iliyo kwenye hereni ya plastiki sikioni mwa mbuzi. Ndipo anapochukua chupa ndogo tupu na kuandika namba hiyo hapo hapo, kwa kalamu ya wino usiofutika. Mwisho kabisa inakuja sindano, kwenye mshipa wa shingo. Mwandishi anapojaribu kuharakisha mambo kwa kumpa chupa ya pili mapema, anakemewa na watu wawili kwa mpigo.

"Sikio kwanza, sindano baadaye!"

Mwandishi anaomba radhi na kurudi nyuma, anakokanyagwa mguu na mbuzi namba nne. Baadaye, wakati chupa tisa zimeshalala kwenye boksi la barafu, anauliza sababu ya ukali ule. Mume na mke wanatazamana, kila mmoja kwa namna yake.

"Mwambie," Fundi anasema. "Si ameshakanyagwa? Ana haki."

Ilikuwa mwaka juzi. Siku hizo Mama Mbu alikuwa na mtindo wake wa kuokoa muda. Mbuzi wale hutoka zizini kwa mpangilio ule ule siku zote: Bi Mkubwa mbele, namba moja, na wengine nyuma yake kama watoto wa shule, mpaka mdogo wao, namba tisa, ambaye wanamwita Kitinda. Kwa kuwa mpangilio haubadiliki, alikuwa akiandika namba kwenye chupa akiwa nyumbani, anazipanga kwenye kishikio, moja mpaka tisa. Akifika zizini ni kuchoma na kujaza tu.

"Miaka sita sikukosea," anasema. "Ukifanya kitu miaka sita bila kukosea, unaanza kudhani huwezi kukosea. Hapo ndipo nilipopotea."

Siku hiyo Fundi hakuwepo, alikwenda kumwona binti yao aliyejifungua. Jirani alijitolea kutoa mbuzi. Mvua ilikuwa inamwagika, na Mama Mbu alijifunika koti la plastiki mpaka machoni. Kila alipoinua kichwa aliona shingo moja ya mbuzi, basi. Alichoma, akajaza, akamaliza, akakimbia.

Bi Mkubwa alikuwa na kidonda kwenye kwato. Hakuamka na wenzake. Jirani alimtoa wa mwisho, na wala hakuona sababu ya kulitaja jambo hilo.

Ijumaa jioni ujumbe wa maabara ukaingia kwenye simu: namba tisa chanya, nyingine zote hasi. Mama Mbu anasema alikaa chini sakafuni. Kitinda alikuwa na miezi saba tu. Mbuzi wa miezi saba mwenye alama katika damu alikuwa na maana moja: kirusi kimerudi, na kinatembea sasa hivi. Kesho yake kulikuwa na mnada wa mifugo.

"Nilianza kulia," anasema. "Sikulilia mnada, wala kazi. Niliyaona macho ya watu. Nikajiuliza, safari hii ni macho ya nani?"

Fundi alikuwa amesharudi, ameketi pembeni yake. Akamwomba amsomee ujumbe tena, pole pole. Akamsomea. Ndipo akauliza swali.

"Na Bi Mkubwa?"

"Hasi," mkewe akajibu, akifuta machozi.

Fundi akasema, "Bi Mkubwa amekuwa hasi? Basi na macho yangu yamepona."

Mama Mbu anasema hapo ndipo alipozinduka. Bi Mkubwa hajawahi kuwa hasi. Hawezi kuwa hasi. Kama chupa namba moja haikuwa na alama, basi damu iliyokuwamo haikuwa yake. Akaondoka mbio kwenda kwa jirani, akauliza nani alitoka wa mwisho siku ile. Jirani akajibu bila kufikiri: yule mkubwa, mwenye kidonda.

Kosa lilikuwa lake, na alikuwa na njia mbili. Angeweza kunyamaza, mnada ufungwe, watu watishike, damu itolewe tena, na lawama ziangukie maabara. Au aseme. Lakini kusema nako kulikuwa na miiba yake. Mdogo wa Fundi, yaani shemeji yake, alikuwa ameshafikisha ng'ombe wake uwanjani kwa ajili ya mnada wa kesho. Nani asingesema kwamba Mama Mbu amebuni hadithi ili kumwokoa shemeji?

Daktari wa mifugo, kijana ambaye umri wake unalingana na wa mtoto wa kwanza wa Mama Mbu, anakumbuka mama huyo alivyobisha hodi nyumbani kwake jioni hiyo akiwa amekumbatia madaftari.

"Nilimwambia, mama, unajua watu watasema nini," daktari anasimulia ofisini kwake. "Akanijibu, 'Najua, baba. Ndiyo maana nakuomba usinisikilize mimi. Sikiliza daftari.' Akafungua miaka sita mezani kwangu. Kila ukurasa, namba moja chanya, chanya, chanya. Halafu akaniambia, 'Kosa ni langu, niandikie barua.' Katika kazi hii nimeshaletewa makosa mengi. Lile lilikuja lenyewe kwa miguu."

Hata hivyo daktari hakukubali kufungua mnada kwa maneno. Aliufunga Jumamosi hiyo, mpaka damu itolewe upya mbele ya macho yake. Shemeji alirudisha ng'ombe malishoni, umbali wa siku moja kwa miguu, kwenye matope. Majibu ya pili yalipotoka, Kitinda alikuwa hasi na Bi Mkubwa alikuwa chanya kama kawaida yake.

Mama Mbu alipewa barua ya onyo. Ameibandika ukutani kwenye chumba cha kazi, juu ya friza, ambako mwandishi aliiona asubuhi na kudhani ni cheti. Mnada ulipofunguliwa, aliomba kipaza sauti cha dalali.

"Nikawaambia, mbuzi hawana kosa, maabara hawana kosa, mimi niliandika chupa nyumbani kwa uvivu wangu. Kuna aliyeguna, kuna aliyenitukana, na kuna mzee mmoja aliyesema afadhali kuambiwa. Lakini nililala usingizi mzito siku ile, wee! Fundi alinigeuza mara mbili akidhani nimekufa."

Shemeji hakumsemesha miezi miwili. Leo wameelewana, ila amempa jina jipya, na hilo halina dalili ya kumtoka.

Mchana, baada ya boksi la barafu kuachwa ofisini, inafuata zamu ya watu. Mama Mbu anapita mlango kwa mlango na daftari lake la tatu, baada ya lile la mbu na la mbuzi. Maswali ni yale yale: nani ana homa, tangu lini, anafanya kazi gani, amegusa mnyama gani. Kwenye nyumba ya ishirini na tatu anamkuta mchinjaji amejifunika blanketi saa nane ya jua, meno yanagongana.

"Ni uchovu tu, Mama Mbu," mchinjaji anasema. "Usiniandike."

"Uchovu gani unaomtetemesha mtu mchana kweupe? Inuka twende zahanati."

"Nikipumzika kidogo tu nitakuwa sawa."

"Utapumzika ukishatoka huko. Au unataka nimwite mkeo?"

Mchinjaji anainuka. Njiani kwenda zahanati Mama Mbu hataniani na mtu. Mvua za aina ile, mbu wa aina ile, na sasa mchinjaji mwenye homa: mwandishi anaona jinsi anavyoishika mikono ya baiskeli. Zahanati wanatoa damu mara mbili, chupa moja ya kupima hapo hapo na nyingine ya kwenda maabara pamoja na za mbuzi. Kipimo cha hapo kinasoma malaria. Mchinjaji anapewa dawa na kuambiwa arudi nyumbani.

"Malaria nayo ni mbu," Mama Mbu anasema wakitoka nje, uso umelegea kidogo tu. "Lakini huyu tunamjua na dawa yake tunaijua. Yule mwingine ndiye sitaki kukutana naye tena. Na mtu mmoja anaweza kubeba mawili, kwa hiyo tusubiri Ijumaa."

Jumatano na Alhamisi zinapita na mvua. Anachambua mbu, anajaza madaftari, anakagua neti za watu wanaochungulia dirishani na kusema hazina tundu. Mwandishi anamwuliza kama anaogopa. Anajibu ndiyo, bila kusita, halafu anamkabidhi sahani ya mbu ahesabu, maana mtu mwenye kazi mkononi huogopa vizuri zaidi.

Ijumaa saa kumi jioni barazani kumejaa. Fundi yuko kwenye cherehani bila kushona. Shemeji amekuja, kofia mkononi, kwa sababu kesho ni mnada. Hajauliza kitu, amesema tu kwamba alikuwa anapita. Nyumba yake iko upande wa pili wa mji.

"Namba Tisa," anamwita shemeji yake, kwa jina lile alilompa. "Chai ipo?"

"Ipo kwa wanaopita. Kwa wanaokuja kuchungulia simu yangu, imekwisha."

"Haya, mimi nimekuja kumwona kaka."

"Basi mwone, maana yeye hakuoni," Mama Mbu anasema, na wote watatu wanacheka kuliko mzaha wenyewe ulivyostahili. 

Simu inalia saa kumi na moja na dakika nane. Mama Mbu anajifuta mikono kwenye kanga, mara mbili, ingawa haina maji. Anavaa miwani. Anasoma kimya kimya, midomo ikitembea kama inavyotembea akihesabu mbu.

"Mchinjaji," anasema. "Hasi."

Shemeji anavuta pumzi.

"Mbu, mafungu yote, hasi. Namba mbili hasi. Tatu hasi. Nne, tano, sita, saba. Nane hasi. Kitinda hasi."

Hakuna anayeshangilia. Fundi amegeuza kichwa pembeni kabisa, kuelekea ukutani, na hiyo ina maana anamtazama mkewe usoni.

"Na Bi Mkubwa?"

"Chanya."

"Alhamdulillahi," anasema Fundi, na mguu wake unakanyaga cherehani, sindano inaanza kukimbia juu ya neti nyeupe. Shemeji anavaa kofia, anaivua tena, anasema sasa angalau apewe chai. Anapewa, tena kikombe kikubwa. Mama Mbu anakaa kizingitini, anavua buti zote mbili na kunyoosha miguu yake juani.

Mafuriko hayajapungua na baada ya wiki mbili atatoa damu tena, anakumbusha. Chanjo ya mifugo ya watu imeshaagizwa kwa sababu ya ile hesabu yake ya mia sita na kumi na wawili, na daktari amemwambia itafika kabla ya mwezi kwisha. Kwake hiyo ndiyo raha ya kazi, kwamba safari hii dawa iko njiani na hakuna aliyezikwa.

Mwandishi anamwuliza ana matumaini gani kwa miaka iliyobaki kabla ya kustaafu. Anajikuna kifundo cha mguu alikoumwa na mmoja wa wateja wake.

"Bi Mkubwa amezeeka," anasema. "Meno yamemwisha, kundini ndiye peke yake aliyeuona ugonjwa ule. Akifa sitaki apate mrithi wa alama yake. Nataka Ijumaa moja nisome ujumbe hapa hapa, wote tisa hasi, kweli hasi, kila chupa nimeiandika nikiwa nimeshika sikio. Halafu huyu mzee akose swali la kuniuliza."

Fundi hasimamishi cherehani.

"Nitauliza kama chai imebaki," anasema.